Kadi ya mwanachama wa klabu ya mtaani Unguja: hela yako inakwenda wapi

Kadi yenyewe ni ya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, ina picha ya mwanachama na muhuri wa buluu uliopigwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Nyuma yake kuna visanduku 12 vya kutiwa saini kila mwezi ada inapolipwa. Ada hiyo haifiki bei ya bakuli mbili za urojo, kwa hiyo hakuna mtu wa mitaa ya Ng'ambo mjini atakayesema imemshinda. Cha kuuliza ni kinachorudi. Klabu ni ya uraiani na inacheza Ligi Kuu ya Zanzibar. Jina lake tunaliacha, kwani wahusika mtaa mzima unawajua, na tunachotaka ni kazi ziende, si watu waaibike.

Mwenye kadi anapata kura katika mkutano mkuu, haki ya kugombea uongozi, punguzo dogo la jezi na nafasi kwenye basi timu inapokwenda kucheza shamba, nje ya mji. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Wachezaji wanastahili hela hiyo, na zaidi. Uongozi bado. Klabu hii ina jicho la kuokota vipaji ambalo wenye fedha nyingi hawana, halafu inawapoteza vijana wale wale kwa mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: mwili usiotunzwa na karatasi isiyoandikwa.

Kabla ya kulaumu, haki itendeke. KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, Kipanga na Uhamiaji ni timu za vikosi vya serikali. Kijana akisajiliwa huko anaweza kupata ajira, mshahara wa kila mwezi na kiinua mgongo mbele ya safari. Klabu ya uraiani inampa posho ya mechi na nauli ya daladala. Anayemlaumu kijana kwa kuhamia kikosini hajakaa na wazee wake akawasikiliza. Hata hivyo uraiani si kisingizio cha kushindwa kila kitu. Mlandege ni timu ya uraiani, na ilichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1 katika fainali, kisha ikarudia 2024 kwa kuifunga Simba 1-0. Kwa hiyo inawezekana, na kipimo tunachotumia hapa ni hicho: kile ambacho klabu ya mtaani inakiweza.

Tuanze na kipa. Kwenye mstari wa goli hana mpinzani. Mashuti ya chini, ya upande wa kushoto na wa kulia, anayashuka vizuri na mikono inatangulia mbele ya mwili. Krosi ndizo zinazomtia tabu, na sababu yake ni miguu: huanza kwa kurudi nyuma hatua moja kuelekea golini, kisha ndipo aamue kutoka, na hatua hiyo moja ndiyo inayompa straika wa upande wa pili kichwa cha bure. Jambo jingine ni tabia ya kuulalia mpira ili wenzake wapumue. Tangu Julai 2025 sheria imebadilika: kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi huhesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole hewani. Kwa timu inayozuia kona vibaya kama tunavyozuia sisi, kujipa kona ya bure ni hasara kubwa. Mwalimu wa makipa amzoeze kuinuka mara moja na kuutupa mpira kwa mkono pembeni, kwa beki wa kushoto.

Huyo beki wa kushoto ndiye bora kuliko wote kikosini, na tutamrudia.

Mabeki wa kati ni watu wazima, wanaongea, wanapanga mstari. Lawama zinazowaangukia jukwaani kwa kiasi kikubwa si zao. Tatizo liko mbele yao. Timu inacheza 4-2-3-1, yaani mabeki wanne, viungo wakabaji wawili, washambuliaji watatu nyuma ya straika mmoja, na viungo wakabaji wawili hao wote wanaufuata mpira. Mpira ukienda kulia, wote kulia. Namba 10 wa timu pinzani, yaani kiungo mshambuliaji wao, anabaki peke yake katikati, anageuka na mpira, na hapo beki wa kati mmoja analazimika kutoka kumkabili. Akishatoka, nyuma yake kuna shimo, na straika anaingia humo. Mabao ya namna hii yanaonekana kama kosa la beki kwa sababu yeye ndiye anayeonekana akikimbia nyuma ya mfungaji. Dawa yake si kusajili beki mpya. Ni mmoja aende kwenye mpira, mwenzake abaki nyuma yake kwa mshazari, mita 8 hadi 10, na huyo anayebaki aangalie mpira na namba 10 kwa pamoja, yaani mwili wake ukae ubavu, usiuelekee mpira moja kwa moja. Mazoezi ya nne kwa nne kwenye nusu ya boksi, dakika 15 kila siku ya mazoezi, yanatosha kulijenga hili ndani ya wiki chache.

Winga wa kulia ana mbio na chenga, watoto wanamwimba. Angefunga au kutoa pasi za mabao mara mbili zaidi kama angeinua kichwa kabla ya krosi. Sasa hivi anapiga krosi ya nguzo ya mbali kila mara, na straika wetu anakimbilia nguzo ya karibu kila mara. Wakae wawili hao na mwalimu, wakubaliane ishara. Basi.

Kona za kuzuia zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu pointi nyingi zimepotelea hapo. Timu inakaba mtu kwa mtu bila mtu wa kulinda eneo. Tazama kona moja tu kwa makini: wapinzani watano wanajipanga ukingoni mwa boksi, mita 16 na nusu kutoka golini, wetu watano wanasimama nao, wamewapa mgongo wapiga kona. Mpigaji akiinua mkono, wapinzani wawili wanavuka mbele ya wenzao, wakabaji wetu wanagongana, na mtu mmoja anabaki huru kwenye nguzo ya karibu. Pale nguzo ya karibu hakuna mtu wetu. Mpira unaguswa kidogo tu kwa kichwa, unapita mbele ya goli, na yeyote anayefika nyuma anamalizia. Kipa hawezi kutoka kwa sababu njia yake imejaa miili.

Mchanganyiko ndio unaotakiwa. Mmoja asimame nguzo ya karibu, hatua moja nje yake. Wawili warefu wasimame kwenye mstari wa boksi dogo, mmoja katikati na mmoja nyuma, hao hawamkabi mtu, kazi yao ni kuushambulia mpira. Wanne wawakabe wapinzani wanne wanaopiga vichwa vizuri, na wajipange wakiwa wanaona mpira na mtu. Wawili wabaki ukingoni mwa boksi kwa mpira unaorudi, maana mashuti ya pale yametuumiza pia. Mmoja anabaki juu ili wapinzani waache mabeki wawili nyuma. Jumla ni 10, na kipa wa 11.

Na kwenye mipira ya kurusha tunasahau kwamba hakuna kuotea. Straika anaweza kusimama nyuma ya mabeki wote na kupokea. Timu yenye mrushaji mwenye mkono mrefu kama wetu kutokutumia hilo ni kupoteza bure.

Sasa benchi. Mwalimu anajua mpira, anaheshimika, na katika mwezi wa Ramadhani aliendesha jambo vizuri kuliko klabu yoyote tunayoifahamu: mazoezi aliyahamishia usiku baada ya tarawehe, akayafupisha, na akasisitiza maji yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, si kwa mkupuo mmoja. Wachezaji hawakuporomoka. Apewe sifa yake.

Kosa lake kubwa ni namna anavyobadilisha wachezaji. Mashindano yanaporuhusu wachezaji watano, nafasi za kusimamisha mchezo ili kubadilisha ni tatu tu, ukiacha mapumziko. Mwalimu huingiza mmoja mmoja: dakika ya 60 mmoja, ya 70 mmoja, ya 80 mmoja. Nafasi tatu zimekwisha, na wachezaji wawili halali wamebaki wamekaa na vizibao vyao huku timu ikivuta pumzi uwanjani. Mapumziko hayahesabiwi, kwa hiyo mabadiliko ya kwanza yafanyike hapo kama kuna anayechechemea. Kisha waingie wawili kwa pamoja karibu na dakika ya 65, khasa mawinga, kwani wao ndio wanaokimbia mbio ndefu nyingi. Nafasi mbili zilizobaki ziwekwe akiba kwa majeruhi na kwa kulinda matokeo.

Hii inatupeleka kwenye mwili, na hapa lawama zinahama kutoka benchi kwenda uongozini, kwa sababu klabu haina mtu wa tiba aliyesomea. Ina mchuaji. Ni mtu mwema mwenye mikono mizuri, lakini anapewa kazi isiyo yake. Mchezaji akishika nyuma ya paja na kusimama ghafla, msuli umechanika, kidogo au sana. Ndani ya msuli damu inavuja. Jioni ile ile anachuliwa kwa mafuta ya moto. Joto linapanua mishipa, kusugua kunafumua pale palipoanza kuziba, damu inaongezeka, na jeraha la wiki 3 linageuka la wiki 6 au zaidi. Mchezaji anahisi nafuu usiku ule kwa sababu ngozi imepata moto, na nafuu hiyo ndiyo inayowadanganya wote.

Utaratibu ni huu. Atoke uwanjani hapo hapo, asijaribu dakika tano nyingine. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja, dakika 15 hadi 20, irudiwe kila baada ya saa 2 au 3 siku ya kwanza. Bandeji ya kuvutika, ibane bila kufanya mguu kufa ganzi. Mguu uinuliwe akilala. Kwa saa 48 hadi 72 hakuna kuchua, hakuna mafuta ya moto, hakuna kunyoosha msuli kwa nguvu. Akishindwa kukanyaga, au akiona weusi wa damu unashuka kuelekea goti, aende hospitali, asisubiri mechi ipite. Kurudi ni kwa hatua: atembee bila maumivu, akimbie taratibu, akimbie nusu ya mbio zake, kisha mbio kamili na kusimama ghafla, ndipo achezee mpira na wenzake. Straika wetu ameumia paja lile lile mara ya tatu, na mara zote alirudishwa kwa kuruka hatua ya mbio kamili.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ ni ya bure, ina mazoezi 15 katika sehemu tatu: kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na mizani na kuruka dakika 10, kisha kukimbia kwa kasi dakika 2. Jumla dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki, bila kifaa chochote zaidi ya koni na mpira. Ndani yake kuna zoezi la kupiga magoti huku mwenzako akikushika vifundo vya miguu, unajiachia kwenda mbele polepole ukizuiwa na misuli ya nyuma ya paja. Hilo moja lingewaokoa wengi. Sasa hivi timu inapasha kwa kuzunguka kiwanja mara mbili na kupiga mashuti golini, na kupiga shuti kwa nguvu ukiwa na msuli baridi ni kujitafutia.

Halafu daluga. Timu inafanya mazoezi kwenye udongo na mchanga, mechi nyingi za mjini inacheza kwenye nyasi bandia, na wachezaji wana jozi moja tu. Meno marefu, khasa ya chuma, yanang'ang'ania kwenye nyasi bandia: mguu unabaki, goti linageuka. Hapo ndipo kano za goti zinapokatika, na hakuna aliyeguswa. Nyasi bandia zinataka meno mafupi na mengi, ya plastiki au raba. Pia zinashika joto la jua kupita hewa iliyo juu yake, na chembe nyeusi za raba zinaingia ndani ya kiatu. Mechi ya saa 10 jioni baada ya mchana wa kaskazi inaunguza nyayo na kutoa malengelenge. Soksi mbili, ya ndani nyembamba, na jozi ya pili ya soksi kavu kwa kipindi cha pili. Klabu ikinunua jozi 11 za mtumba zenye meno mafupi na kuziweka stoo kama mali ya klabu, kwa namba, gharama yake inaingia katika ada za miezi michache.

Safari ya Pemba tuitaje kwa dhati, maana ndiko pointi zinakoachwa kila msimu. Ili kuokoa gharama ya usiku mmoja, timu hupanda boti asubuhi na kucheza uwanja wa Gombani jioni ile ile. Boti ikipita mkondo wa Nungwi, khasa wakati wa kusi, nusu ya kikosi inatapika. Wanashuka Mkoani matumbo matupu, wanapanda gari hadi Chake Chake, na saa 10 jioni wanatakiwa wakimbie. Mwili uliotapika umepoteza maji na chumvi, na misuli inaanza kukaza kuanzia dakika ya 60. Watu wanasema Gombani ina uchawi. Tulichokiona ni upungufu wa maji. Timu isafiri siku moja kabla, walale hata kwenye madarasa ya skuli kwa magodoro, wenyeji wa Pemba ni wakarimu na wakiombwa mapema hawakatai. Ikishindikana kabisa, wachezaji wakae sehemu ya chini katikati ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, wale kidogo na mapema, mkate na chai ya tangawizi, wasipande na njaa wala na shibe. Vidonge vya kichefuchefu vinaleta usingizi, visigawiwe ovyo kama peremende. Wakishuka wapewe maji ya chumvi na sukari, au madafu, polepole hadi wakati wa kupasha.

Jezi ya msimu huu kwa mashabiki ni nzuri kwa rangi, mbaya kwa nembo. Nembo imebandikwa kwa moto na inaanza kuchambuka pembezoni baada ya kufuliwa mara chache. Ifuliwe kwa maji baridi, ndani nje, ianikwe kivulini, isipigwe pasi juu ya nembo. Msimu ujao nembo ichapwe ndani ya kitambaa chenyewe.

Tufike kwenye karatasi. Uongozi unasema klabu haina fedha, lakini klabu hii imezalisha wachezaji ambao wangeiletea fedha kama wangekuwa na mikataba. Njia ya kutoka Unguja hadi klabu kubwa za Dar es Salaam iko wazi na inajulikana. Feisal Salum alipita JKU, Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM akaenda Yanga Januari 2022. Kijana wa klabu ya mtaani akipita njia hiyo bila mkataba, klabu inabaki na picha yake ukutani.

Watu wa maskani wanapenda kusema FIFA italipa. Ndiyo, FIFA ina fidia ya mafunzo, na ina mgao wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho unaogawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini fidia hiyo ya mafunzo imewekwa kwa uhamisho wa kati ya mashirikisho wanachama, na Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Mchezaji akivuka kwenda Dar, usitegemee. Kinachokulinda ni kifungu ndani ya mkataba kinachosema klabu inapata kiasi gani akiondoka, na asilimia ngapi akiuzwa tena. Na siku akitoka Dar kwenda nje ya nchi, mgao, kama upo, unadaiwa kwa kumbukumbu za usajili za msimu kwa msimu. Nani wa kwetu anazo? Usajili wa misimu ya nyuma umeandikwa kwenye daftari la skuli, na kurasa kadhaa zimelowa masika.

Mkataba wenyewe si kitu cha kutisha. Jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, posho na siku ya kulipwa, nani anagharimia matibabu akiumia, vifungu viwili vya uhamisho tulivyovitaja. Kwa aliye chini ya miaka 18 kanuni za FIFA haziruhusu zaidi ya miaka 3, na mzazi au mlezi asaini naye. Kwa mkubwa, mwisho ni miaka 5. Nakala tatu: ya mchezaji, ya klabu, ya Shirikisho la Soka Zanzibar. Kila nakala ipigwe picha ya simu na iwekwe kwa watu wawili tofauti.

Hesabu nazo zisomwe kwa maandishi. Mkutano mkuu uliopita mapato na matumizi yalisomwa kwa mdomo, dakika chache, watu wakapiga makofi. Mwanachama aliyesainiwa visanduku 12 ana haki ya kuona karatasi: ada zilizoingia, mapato ya mlangoni, posho zilizotoka, nauli ya boti. Karatasi moja ibandikwe kila mwezi ukutani kwenye maskani ya klabu, na akaunti ya benki iwe na saini mbili.

Na beki wa kushoto. Angalia anavyopokea mpira: mguu wa mbali, mwili umeshafunguka kuelekea mbele, pasi ya kwanza inavunja mstari kabla winga wa wapinzani hajamfikia. Akipitwa anakimbia kwenda golini, hamfukuzi mtu kwa nyuma. Hajafika miaka 20. Watu wa timu mbili za vikosi wameonekana kwenye mazoezi yake, na dirisha la usajili linakaribia kufunguliwa. Mkataba wake hadi leo ni barua ya nusu ukurasa iliyoandikwa kwa mkono, haina tarehe ya mwisho, haina muhuri, na nakala iko moja tu, kwa katibu.